Moshi Uani Kwangu

Mama yangu,

Nakuandikia huku pazia la sebuleni likinuka moshi, na nataka ulijue hilo kabla sijakuamkia. Pazia jipya, Mama. Kitambaa nilikichagua mwenyewe, rangi ya maziwa, nikalishona kwa mkono wangu, kwa sababu nyumba hii haikujengwa kwa ajili ya moshi. Ina jiko la gesi. Ina vigae mpaka jikoni. Na leo ukiingia hapa Kasulu utadhani umeingia jikoni kwako Busunzu, maharage yanatokota nawe unajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Basi shikamoo. Mwili haujambo. Ila nimechoka, na anayenichosha ni wewe, pamoja na kwamba miaka imepita tangu tukulaze pale nyuma ya migomba.

Unaukumbuka ua wetu? Mimi naukumbuka kwa hasira. Wenzangu walikuwa na ua wa kuanika muhogo na kurukia kamba. Ua wetu ulikuwa na mafiga. Mawe matatu kando ya mgomba, mawe matatu nyuma ya banda la mbuzi, mengine karibu na mlango wa kile kibanda cha udongo alichokijenga Baba kwa ajili ya mbegu, nawe ukakigeuza malazi ya watu. Aliyefukuzwa na wakwe alifikia kwetu. Aliyekimbia matata ya ng'ambo ya mpaka alifikia kwetu. Mzee Filemoni, ambaye watoto wake walikwenda mbali wakamsahau, alifikia kwetu akakaa mpaka tukamzoea kama mti. Wala hukuwa unawakaribisha kwa maneno mengi. Ulikuwa unawaonyesha kibanda, halafu unasema, "Kachague mawe yako." Nao wanashuka mtoni kuchagua mawe. Wakirudi unawapimia unga na maharage, basi, umemaliza. Wapike wenyewe.

Majirani walisema. Walisema una moyo, lakini una moyo wa ajabu, unampokea mtu halafu humkaribishi hata kwenye sinia lako. Maneno yale yaliniuma, nikakuuliza kwa nini Mzee Filemoni asile nasi. Ukanijibu, "Ana chungu chake." Ukaendelea kuchambua mboga. Hayo ndiyo yalikuwa maelezo yako, Mama! Maneno ungekuwa unayanunua kwa wachuuzi wa mnadani nisingekulaumu, lakini yalikuwa ya bure.

Na lililoniudhi kuliko yote ni habari ya moto. Jioni inaingia, wewe unataka kuwasha jiko, unanituma. "Nenda kwa Mzee Filemoni ukaombe moto." Kiberiti kipo. Nakiona kwa macho yangu, kimefungwa kwenye pindo la kitenge chako, kimevimba hapo kiunoni. Nakuambia, "Mama, kiberiti si kipo?" Unasema, "Kipo. Nenda ukaombe moto." Basi naburuta miguu na kigae cha chungu mkononi, nauvuka ua mzima, nasimama mbele ya mzee wa watu anayekula unga wetu, anayechoma kuni zetu, namwomba moto. Naye anachukua muda wake. Anachokora jivu, analiacha kaa hili, analichagua lile, anapuliza, na wakati mwingine anakataa kunipa mimi mtoto, anaubeba mwenyewe mpaka kwako. Mimi nyuma, mikono mitupu, nimenuna. Nilijiapiza kwamba nikikua, kitu cha kwanza nitakachokuwa nacho ni moto wangu mwenyewe usiohitaji kuombwa kwa mtu.

Na nikaupata. Tulipoachana na mume wangu, sikurudi nyumbani, unakumbuka. Nilikuja hapa Kasulu na cherehani moja, nikashona sare za shule mpaka vidole vikawa vigumu, nikajenga. Watu wanasema mwanamke anayekaa peke yake anajidai. Waseme. Sebule yangu, chumba changu, chumba cha pili ambamo sikukusudia mtu alale, nilikusudia tu kiwepo, kimya, kitanda kimetandikwa. Hujui raha ya kufunga geti jioni ukajua kwamba kila kilichomo ndani kiko pale ulipokiacha. Hujui kwa sababu hukuwahi kufunga mlango wowote ule.

Sasa nikueleze kuhusu Bi Stazia.

Alikuwa analala barazani kwa Mzee Hamdani, yule mwenye duka la jumla linalopakana na chumba changu cha kushonea. Ni mtu wa umri wako. Anatoka Kasanda. Mumewe alipofariki, shemeji zake wakagawana shamba na yeye hakujaliwa mtoto wa kumtetea, akaja kumtafuta mpwa wake hapa mjini, akakuta amehamia Buhigwe, na alipofika Buhigwe hakuna aliyemjua mpwa huyo. Akarudi. Akawa anafagia baraza la Mzee Hamdani alfajiri, naye Mzee anamwachia magunia matupu ya kulalia. Nilikuwa nampa chai asubuhi, tunasalimiana, "Mwakeye, Bibi," naye ananiitikia, kila mmoja anaendelea na shughuli zake. Nilikuwa nimeridhika kabisa na mpango huo.

Ikawa wezi wamemchosha Mzee Hamdani, akaleta mafundi wazungushe baraza kwa nondo na geti. Masika ndiyo kwanza yanaanza. Akaja dukani kwangu, wateja wamejaa, akasema kwa ile sauti yake ya kiungwana, "Mwanangu, mie kwangu wajukuu wamelala mpaka ukumbini. Wewe una chumba kitupu, au nimeambiwa uongo?" Mbele za watu! Nani alimwambia habari za chumba changu? Wateja wote wakanigeukia, tepe ya kupimia iko shingoni kwangu, nikajikuta nasema, "Ndiyo, Mzee, kipo."

Nikamchukua. Na nikiamua jambo, Mama, nalifanya vizuri, hukunilea ovyo. Nilimpa kitanda, chandarua, blanketi zito kwa baridi hii ya kwetu. Maji ya moto ya kuoga. Sombe yetu ya kisamvu na mawese, dagaa, ugali laini. Akishika ufagio nampokonya, "Bibi, pumzika." Akisogelea sufuria namwambia, "Acha, nitafanya mimi." Hilo jiko la gesi lenyewe alikuwa analiogopa, likiwaka anaruka. Basi alikuwa anakaa kwenye kochi, mikono mapajani, anasema asante. Nilijiona mtu mwema sana. Nilifikiri hata wewe umeshindwa, maana mimi nimemwingiza ndani, nimemlisha mezani.

Haijaisha wiki, narudi jioni, kitanda kimetandikwa, sahani imeoshwa, Bi Stazia hayupo. Nilimkuta kwenye ngazi za Mzee Hamdani, nje ya lile geti jipya, manyunyu yanampiga, furushi lake amelikumbatia. Nikamrudisha. Akaondoka. Nikamrudisha tena. Ikafika mahali mtaa mzima unatuzoea, mimi mbele na mwavuli, uso umekunjamana, yeye nyuma na furushi. Wapo waliodhani nimemkamata ugoni.

Nikampigia kaka Yohana huko Mwanza nimweleze. Unamjua mwanao. Akacheka kwanza. Kisha akasema, "Dada, achana naye. Siku hizi kila mtu anapambana na hali yake. Umetoa msaada, amekataa. Ana haki ya kukataa, na wewe una haki ya kulala." Nikakata simu, nikakasirika mpaka nikashona shati moja mikono yote miwili upande mmoja. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nakubaliana naye. Kweli, kwani kosa langu liko wapi nikitaka nyumba yangu iwe yangu? Nimemwibia nani? Na huyu bibi, kama hataki, mimi ni nani wa kumlazimisha? Lakini kila mvua ikipiga bati nilikuwa nasikia kikohozi chake, na alikuwa hayupo.

Siku niliyolipuka ilikuwa mchana, pale pale kwenye ngazi. Nilisimama mbele yake nikasema kwa sauti, "Bibi, unataka nini hasa? Kitanda nimekupa. Chakula nimekupa. Nimekukosea wapi?"

"Hujanikosea, mwanangu."

"Sasa?"

"Mama wee! Kwako nakaa kama mtu aliyelazwa hospitali. Naletewa, nakula, nalala. Hata chumvi ukizidisha, nanyamaza tu."

"Mimi nazidisha chumvi?"

"Ego, ndiyo, unazidisha."

Mzee Hamdani ndani ya duka akacheka mpaka akashika kaunta. Bi Stazia hakucheka. Alisema, "Mimi tangu niolewe nina moto wangu. Naamua mwenyewe, leo napika maharage, kesho sombe, kesho kutwa sipiki, nalala njaa, shauri yangu. Hata hapa nilikuwa na kopo langu na vijiti vyangu. Kwako sina kitu. Kwako nina asante peke yake."

Nilitaka kumjibu vibaya. Nilikuwa na jibu kabisa, liko mdomoni. Badala yake yakanitoka maneno ambayo sikuyapanga, tena kwa hasira, tena kwa sauti yako, Mama, ile sauti kavu ya kumaliza mazungumzo. "Basi kachague mawe yako!"

Akanitazama. Akauliza, "Utaniweka wapi?"

Ndivyo nilivyoipoteza stoo yangu. Ile ya uani, niliyoijenga kwa saruji, niliyokuwa naiwekea mpango wa kuhamishia cherehani. Nilimwonyesha matofali yaliyobaki kwenye ujenzi, mazuri, yamenyooka, akayagonga kwa kidole akasema yatapasuka. Akashuka bondeni kwenye kijito, akarudi na jiwe, akarudi tena na jiwe, tena na jiwe, hataki kusaidiwa, anahema. Akayapanga nje ya mlango wa stoo, chini ya upenu. Yaani upepo ukivuma kidogo tu, moshi wote unapita kwenye kamba yangu ya nguo na kuingia dirishani. Nikampimia unga na maharage. Akapika. Nami nikala peke yangu ndani, kwenye meza, chakula changu chenye chumvi nyingi.

Hakuondoka tena. Lakini furushi hakulifungua. Lilikuwa limekaa pale mlangoni mwa stoo, fundo limekazwa, kama la mtu anayesubiri basi. Nikirudi jioni kitu cha kwanza macho yangu yanatafuta furushi. Nikiliona napumua, halafu naanza kukasirika upya.

Mwenyekiti wa mtaa akaja. Huku kwetu mpakani, unajua, mtu mgeni hakosi kuulizwa. Akasimama uani na kofia yake, akaniuliza mimi, "Huyu ni nani wako? Ndugu? Mfanyakazi? Mgeni?" Nikakwama. Ndugu si ndugu. Mfanyakazi, nani anathubutu kumtuma Bi Stazia? Nikawa natafuta neno, na yeye alikuwa ameinama anapuliza moto, hakuinua hata kichwa.

"Jirani," akasema.

Jirani! Ndani ya geti langu, Mama! Mwenyekiti akacheka, akamuuliza kwao na ukoo wake, akatuambia tufike ofisini, akaaga. Mimi, mtu aliyekimbia majirani maisha yake yote, sasa ninaye mmoja upande wa ndani wa ukuta.

Sasa sikiliza kilichotokea juzi, maana ndicho kilichonikalisha niandike. Nilikuwa nimeshona mashati meupe ya shule, nimeyafua, nimeyaanika nyumbani. Mama mmoja akaja dukani kuchukua ya watoto wake, akayanusa, akayarudisha mezani. "Dada, haya umeyakausha juu ya samaki?" Mbele za watu tena. Nilifunga duka mapema. Nilifika nyumbani sijavua hata viatu, nikamwagika. Nilimwambia hii ni nyumba yangu. Nimeijenga mwenyewe, hakuna aliyenisaidia hata kubeba tofali. Nimekimbia moshi tangu utotoni, na siwezi hata kuanika shati kwenye kamba yangu mwenyewe! Nilisema mengi. Bi Stazia alikuwa anakoroga chungu chake. Hakuacha kukoroga. Nikaingia ndani nikabamiza mlango.

Mvua ikaanza. Nikabandika birika kwenye gesi, nikatazama dirishani. Alikuwa amelivuta furushi, amelipakata. Hakuwa analia, hakuwa amenuna. Alikuwa anaitazama mvua, kama mtu anayetaka ipungue tu ashike njia. Na nikajua, vile mtu anavyojua, kwamba safari hii hatakwenda kwenye ngazi za Mzee Hamdani. Atakwenda nisikokujua, na kikohozi kile, na masika haya, na mimi nitabaki na mashati yangu meupe yasiyonuka kitu.

Nilisimama pale jikoni nikakutukana, Mama, unisamehe. Ningetoka nikamwombe radhi? Angeniambia hujanikosea, mwanangu, halafu angeondoka. Ningempa blanketi jingine? Angesema asante. Na bado, hata sasa ninapoandika, naamini kwamba nilichokisema uani ni kweli. Hii ni nyumba yangu. Hata wewe ulikuwa na kigoda chako ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia, si Mzee Filemoni, si sisi, si Baba. Ulikuwa na chungu chako ambacho hakuna aliyekifunua. Ua mzima umejaa watu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kitu chako. Kila mmoja na mawe yake, na wewe na yako. Nikawaza hayo, nimekishika kitasa cha mlango, ndipo kiberiti kikanijia akilini. Kile cha kwenye pindo la kitenge.

Ungeniambia tu! Mtoto anakuuliza, anakuuliza tena, unamjibu "Kipo, nenda." Ingekugharimu nini kuniambia?

Nikachukua mfuniko wa sufuria, ule mkuukuu, nikatoka kwenye mvua na nguo zangu za dukani. Nikasimama kwenye upenu.

"Hodi."

"Karibu."

"Naomba moto."

Akaniangalia. Akauangalia mfuniko. Halafu macho yake yakapita juu ya bega langu mpaka kwenye dirisha la jikoni, na mimi nikageuka nikaona alichokiona. Gesi sikuizima. Inawaka buluu chini ya birika, inaonekana wazi, hata kipofu angeiona.

Aliliweka furushi chini. Akainama, akachokora jivu bila haraka, akaliacha kaa hili, akalichagua lile kubwa, akalipuliza mpaka likawa jekundu, akaliweka kwenye mfuniko wangu.

"Likinge na mvua," akasema. "Na chumvi upunguze."

Nikalikinga kwa mkono, nikavuka ua.

Leo asubuhi furushi halikuwepo mlangoni mwa stoo. Moyo ulinipasuka, Mama, mpaka nilipotazama kamba. Kitenge kilichokuwa kinafunga furushi kimefuliwa, kimeanikwa katikati, mahali penye jua zuri. Mashati yangu niliyoyafua upya yamesukumwa mwisho kabisa wa kamba, yamebanana, upande ule ule moshi unakopita.

Jambo moja tu nakuuliza. Mzee Filemoni alikuwa anakiona kile kiberiti, siyo? Wote walikuwa wanakiona. Ni mimi peke yangu niliyekiona nisielewe, na mimi ndiye niliyekuwa natumwa.

Ulale vizuri hapo penye migomba. Lile kaa sikuwa na pa kulitia, maana nani ana jiko la makaa kwenye nyumba kama hii? Mkono uliponiungua nililiweka chini, juu ya vigae vyangu vipya, nikalitazama mpaka likazima. Limeacha doa jeusi. Nimelisugua kwa sabuni, nimelisugua kwa majivu ya Bi Stazia. Halitoki.

Ni mimi,
kitindamimba wako, niliyekuwa nikinuna nyuma ya moto.